Kura Ambayo Verna Hakuipiga

Simu ya Lester Dunleavy, mbunge wa upande wa pili, ilimkuta Verna Cutlip amekaa ukingoni mwa kitanda cha chumba cha kupanga, soksi moja imevaliwa na nyingine bado iko mkononi. Ilikuwa siku ya muswada wake, na alikuwa ameamka mapema kama mtu mwenye harusi.

"Verna, wanampasua Marguerite moyo asubuhi hii," Lester alisema, bila hata salamu.

"Asubuhi hii? Si walisema mwezi ujao?"

"Amezidiwa usiku. Daktari anasema hakuna kungoja. Niko hapa koridoni na ndala za nyumbani. Leo ni kura yako. Upande wangu wananitaka niwepo, wameshanipigia mara mbili. Nikiwasha gari sasa hivi nitawahi. Ila sitaki kuondoka hapa, Verna. Akiamka asinione, au asipoamka..."

Verna hakumwacha amalize kujidhalilisha. "Kaa na mkeo. Tunafunga jozi, mimi na wewe."

Jozi ni desturi ya bunge lile la jimbo, ya tangu enzi za wabunge kuja kwa farasi. Mmoja akipatwa na ugonjwa au msiba, humtafuta mwenzake wa upande wa pili, mmoja wa ndiyo na mmoja wa hapana, wakaahidiana kwamba hakuna kati yao atakayepiga kura mpaka aliyepatwa na dhiki arudi. Haiandikwi popote. Ni neno la mtu tu. Atakayelivunja, hata mwaka uje mwaka uende, hapati wa kumwazima kalamu mle ndani.

"Lakini wewe ndiye mwenye muswada," Lester alisema, kama asiyeamini masikio yake.

"Nimeshasema."

"Na mimi bado naupinga, nisikufiche. Watu wangu wa mjini hawana shida ya ambulensi, kwa nini walipie ya milimani?"

"Najua unaupinga, Lester. Ungekuwa unaukubali, ningefungaje jozi na wewe? Hebu nenda huko."

Akakata simu, akavaa soksi ya pili. Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Kura alikwisha kuzihesabu jana mpaka akaziota. Wabunge ni mia moja, waliomwahidi ndiyo wako hamsini na mmoja, yeye akiwemo. Akikaa kando yeye na Lester akikaa kando, bado angeshinda kwa kura mbili. Tena kura mbili zilikuwa nyingi kwa Verna Cutlip.

Maana tuseme ukweli, mama huyu alikuwa amekaa bungeni miaka thelathini na miwili, na ukimwuliza mtu yeyote jimboni Verna Cutlip amefanya nini, atakuambia, "Si yule wa kobe?" Watoto wa shule moja ya msingi walimwandikia wakitaka kobe awe mnyama rasmi wa jimbo. Verna akapeleka muswada, ukapita bila kupingwa. Mengine yote aliyoyapigania, barabara, maji, mafao ya wachimba makaa wenye mapafu mabovu, ama yalikufa kwenye kamati, ama yalipita kwa jina la wakubwa. Kobe ndiye aliyebaki naye. Mama Kobe, walimwita, mbele yake na nyuma yake, naye alicheka pamoja nao kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Sasa alikuwa anastaafu. Hakugombea tena. Muswada huu wa ambulensi ulikuwa wa mwisho, na aliutaka kwa roho yake yote. Ulikuwa muswada mdogo: dola mbili juu ya ada ya namba ya kila gari, zigawanywe kwenye wilaya ambazo haziwezi kulipia ambulensi zenyewe. Wilaya yao ya Birch Run ilikuwa na ambulensi moja tu. Bila fedha hizo ingesimamishwa mwisho wa Juni, na mgonjwa angengoja gari litoke wilaya ya jirani, ng'ambo ya mlima. Aliyeiendesha ambulensi hiyo na kuhudumia wagonjwa nyuma yake alikuwa Tressie, binti yake Verna, mtoto wake wa pekee.

Watu wa Birch Run walikuja na basi la kanisa, wameondoka kwao kabla ya mapambazuko. Walijaa kwenye roshani ya wageni na makoti yao mazito, wengine na kofia za mgodi uliofungwa. Tressie alikaa mbele kabisa na sare ya kazi, kando yake baba yake, Harlan, ambaye alivaa tai kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya kaka yake. Verna alipoingia walimpungia mikono. Akajisikia vizuri, asiseme uongo.

Kabla ya kengele, Bibi Orr, mnadhimu wa upande wao, alimjia mbio mpaka miwani ikamshuka puani.

"Teter ametugeuka."

"Royce Teter? Jana si alinipa mkono!"

"Jana ni jana. Amepewa kifungua kinywa na watu wa kampuni za magari, ametoka huko ni mtu mwingine. Anapiga hapana." Bibi Orr akapunguza sauti. "Sasa sikiliza. Nimehesabu. Bila Teter, tuko hamsini na wewe. Wao wako arobaini na tisa, maana Dunleavy hayupo. Tunapita kwa moja. Kwa hiyo kaa kwenye kiti chako na usiende hata chooni."

"Maxine, mimi siwezi kupiga kura. Nimefunga jozi na Lester."

Bibi Orr alimtazama kama aliyesikia mtu kauza nyumba kwa bakuli la supu.

"Umefanya nini?"

"Mkewe yuko chumba cha upasuaji."

"Pole yake! Lakini nani amewasikia? Kulikuwa na shahidi?"

"Hapakuwa na haja ya shahidi."

"Vizuri sana. Basi hakuna jozi. Dunleavy yuko huko hospitali, hawezi kuruka kama ndege aje hapa. Ukifika wakati, bonyeza kijani, halafu kesho mtumie maua." Akamshika mkono, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Verna. Ni muswada wako. Ni mtoto wako yule pale juu. Hutapata nafasi nyingine."

Kengele ikalia.

Wenye kupinga walisema, wenye kuunga mkono walisema, na Verna mwenyewe alisimama akasema, kwa sababu jozi humfunga mtu mkono, haimfungi mdomo. Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema. Alimtaja mzee Asa Loomis aliyefia sakafuni kwake majira ya baridi yaliyopita huku ambulensi iko kwa mgonjwa mwingine. Alipokaa, roshani ilipiga makofi mpaka Spika akagonga nyundo.

Halafu Spika akaita kura. Kwenye meza ya kila mbunge kuna vitufe viwili, kijani na chekundu, na ukutani ubao mkubwa wenye majina yote. Taa zikaanza kuwaka. Verna aliweka mikono mapajani akaibana kati ya magoti, kwa sababu hakuiamini. Kidole kilikuwa kinamwasha, kweli kweli kinamwasha. Alijiambia, Lester hatajua. Kisha akajijibu, atajua kabla ya chakula cha mchana. Kisha akajiambia, na akijua itakuwaje, mimi si naondoka? Akakumbuka zile ndala koridoni, akabaki amebana mikono yake.

"Mheshimiwa wa Birch Run," Spika aliita, "jina lako halijawaka."

Verna akasimama. "Mheshimiwa Spika, nimefunga jozi na Mheshimiwa Dunleavy, aliye hospitali na mkewe. Angekuwepo angepiga hapana. Ningekuwa huru ningepiga ndiyo."

Ubao ukafungwa: ndiyo arobaini na tisa, hapana arobaini na tisa. Kura zikilingana, muswada umekufa. Nyundo ikagongwa, wakahamia muswada wa leseni za vinyozi.

Kule juu hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha mtu mmoja akamweleza mwenzake, na wa pili akamweleza wa tatu, na Verna aliona nyuso zikibadilika safu baada ya safu.

Koridoni walimpita. Wengine waliangalia chini, wengine walijifanya wanatafuta glavu mifukoni. Bibi Opal Loomis, mjane wa mzee Asa, ndiye pekee aliyesimama.

"Umelitaja jina la mume wangu mbele ya watu wote hawa," alisema, "halafu ukakaa umekunja mikono."

"Opal, nilikuwa nimetoa neno langu."

"Na sisi je? Sisi hukututolea neno? Miaka yote tumekuchagua ubonyeze kitufe, Verna. Hata kuku ukimtupia punje atabonyeza!"

Watu wakaelekea basini. Tressie alimpita mama yake bila kumtupia jicho, uso umemwiva. Harlan tu ndiye aliyebaki, anahangaika na fundo la tai.

"Wewe huendi nao?" Verna alimuuliza.

"Niende wapi? Mke wangu yuko hapa." Akaifungua tai akaitia mfukoni. "Tressie anabaki pia. Amesema anabaki kwa ajili ya kukugombeza, lakini anabaki."

Jioni ile, Verna alishuka kantini ya bunge kunywa kahawa asiyoitaka. Royce Teter alikuja akavuta kiti bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa milimani kama yeye, wilaya ya tatu kutoka Birch Run, kijana wa miaka hamsini mwenye nywele za kupakwa mafuta na kicheko cha muuza magari. Ndiyo, alikuwa na duka la magari.

"Mama Kobe," alianza.

"Royce, leo usinichokoze. Nitakumwagia hii kahawa, na ni ya moto."

"Sawa, sawa." Akainua viganja. "Nimekuja kwa amani. Unajua nilipogeuka nilikuwa na hakika utapiga kura. Nilijua Dunleavy hayupo, nikasema, utapita kwa moja, mimi nitawaridhisha wale rafiki zangu na Verna atapata ambulensi yake, kila mtu ashibe. Kumbe mwenzangu umejifunga kamba!"

"Kwa hiyo ni kosa langu."

"Sisemi hivyo. Nilipokuona umebana mikono magotini..." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Nimekaa humu miaka kumi na mbili sijaona kitu kama kile. Nimejiambia, huyu ni mtu ambaye nikiongea naye jambo litabaki mezani. Wengine wote humu nikiongea nao nalala jicho moja wazi."

"Sema unachotaka, Royce."

Akasogea karibu. Alikuwa na muswada wake kuhusu taa za magari ya kuvuta magari mabovu, unapigiwa kura kesho asubuhi, siku ya mwisho ya kikao. Hakuna anayeupinga, hakuna hata anayeusoma. Angeweza kusimama na kuupachika ule wa Verna ndani yake, neno kwa neno, dola mbili zile zile. Yeye angepiga ndiyo. Hamsini kwa arobaini na nane. Seneti, lile baraza la juu, walikuwa tayari, wanangoja upande huu tu.

"Na wale rafiki zako wa kifungua kinywa?"

"Watanuna. Lakini mwaka wa keshokutwa nagombea Seneti, na Birch Run iko ndani ya eneo langu. Kule kwenu ukiwa na mayai ya kifungua kinywa cha kampuni hupati kitu. Ukiwa na ambulensi, unapita." Akakohoa. "Kwa hiyo unaona lazima iwe yangu. Si yetu. Yangu. Jina langu peke yake. Wewe utasimama useme ni muswada mzuri wa Mheshimiwa Teter, basi. Na nje usiseme kwamba uliuandika wewe. Si kwa gazeti, si kanisani, si kwa mtu yeyote."

"Hata kwa binti yangu?"

"Hasa binti yako! Anaongea na wilaya nzima nyuma ya ile gari."

Verna alikitazama kikombe chake. Aliumia, na tusimpambe, aliumia kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa ameuandika muswada ule kwa mkono wake jikoni kwake, Tressie akimwambia barabara ipi hujaa maji na mgonjwa yupi huweza kungoja na yupi hawezi. Kitu kimoja tu alikuwa amekitaka baada ya miaka yote ile, watu wa kwao waseme, hii alituletea Verna. Alitaka kuwa na kingine zaidi ya kobe. Na sasa mwenye duka la magari mwenye mafuta kichwani ndiye angekibeba.

"Na nikikataa?"

"Basi napitisha taa zangu, tunakwenda nyumbani." Teter alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayetaja bei.

Verna akanyoosha mkono. Teter alipoushika alikuta ni mkono mgumu, wa kukamua ng'ombe, nao ulimbana mpaka akakunja uso.

"Ukinigeuka mara ya pili, Royce..."

"Sikugeuki. Naapa."

"Usiape. Fanya tu."

Tressie alikuwa anamngoja chumbani, amesimama katikati ya sakafu kama askari. Harlan alikuwa ameketi kitini anamenya chungwa polepole sana.

"Nataka unieleze," Tressie alisema. "Nieleze mimi kama mgonjwa, taratibu. Mtu anayekuita Mama Kobe magazetini anakupigia simu, na wewe unampa ambulensi yangu."

"Mkewe alikuwa anapasuliwa moyo."

"Mimi hubeba watu wenye mioyo kila wiki! Wao hawana wake? Hawana waume? Mzee Loomis alikuwa na mke, nilimkuta amemlaza kichwa mapajani!" Alikuwa msichana mwenye nguvu, huinua watu wazima kwenye machela, lakini sasa midomo ilikuwa inamtetemeka. "Hii si kazi tu, Mama. Kazi nitapata, hata mjini nitapata. Lakini watu wetu atawajia nani?"

Verna akakaa kitandani. Jibu lote lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Sentensi moja ingetosha mtoto wake alale kwa amani, na ni mtoto wake, angenyamaza akimwambia anyamaze. Labda.

"Kesho kuna kikao," alisema. "Njoo ukae pale pale ulipokaa leo."

"Nije kuona nini? Leseni za vinyozi?"

"Tressie," Harlan alisema kutoka kitini. "Kula chungwa."

"Sitaki chungwa, Baba!"

"Basi kaa. Mama yako amekwambia njoo kesho. Mimi nimeishi na huyu mwanamke miaka arobaini na nne. Akiwa ameshindwa husugua masufuria. Hebu muangalie, amekaa tu." Akampa Verna kipande. "Kuna kitu, na hawezi kukisema. Usimbane."

Verna akala chungwa, akamgeuzia uso mumewe ili Tressie asiyaone macho yake.

Asubuhi Lester alipiga simu tena. Marguerite alikuwa ametoka upasuaji, bado yuko chumba cha wagonjwa mahututi, bado hajafumbua macho. Alikuwa amesikia yaliyotokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

"Verna, nakufungua. Jozi imekwisha. Piga kura upendavyo."

Mwanamke huyu, ndugu zangu, alikuwa na shingo ngumu. "Umerudi bungeni?"

"Hapana, lakini..."

"Unaweza kurudi leo?"

"Siwezi kumwacha."

"Basi haijaisha. Nikipiga leo nawe hupo, nitakuwa nimekupiga ukiwa umeinama. Mpake Marguerite mafuta midomoni, wanakaukaga midomo wakitoka kule. Tressie ndiye aliniambia."

Ubao uliwaka kabla ya saa sita. Teter alisimama, kifua mbele, akaleta nyongeza yake kwenye muswada wake wa taa. Karani akaisoma. Kule roshani, rohoni mwake Tressie, aliyekuja amenuna na amechelewa, kitu kilianza kusogea. Karani alipofika kwenye kifungu cha barabara zinazojaa maji, alimshika baba yake mkono.

"Baba. Hayo si maneno yangu?"

"Shh," Harlan alisema.

Verna alisimama chini pale. "Mheshimiwa Spika, huu ni muswada mzuri wa Mheshimiwa Teter," alisema. Ilimtoka bila kukwama. "Naomba waheshimiwa waupitishe." Akakaa. Hotuba yake ya mwisho bungeni ilikuwa hiyo.

Taa zikawaka. Teter, kijani. Bibi Orr, kijani, huku anamwangalia Verna kwa jicho la pembeni lililoelewa kila kitu. Jina la Cutlip lilibaki giza, na jina la Dunleavy lilibaki giza. Mikono ya Verna ilikuwa juu ya meza safari hii, imetulia. Hamsini kwa arobaini na nane. Teter alipigwa mabega na kila mtu, na kitabu cha kumbukumbu cha bunge kinaonyesha mpaka leo kwamba sheria ya ambulensi ilipita na mbunge wa Birch Run hakupiga kura.

Tressie alishuka ngazi akiruka mbili mbili, akamkuta mama yake koridoni.

"Mama, ule si muswada wetu?"

"Ni wa Teter."

"Mama!"

"Nimesema ni wa Teter, Tressie. Akikuuliza mtu, ni wa Teter."

Tressie akamkumbatia kwa nguvu zile za kuinua machela, mpaka Verna akasema mbavu, mwanangu, mbavu.

Aprili, vitunguu-pori vilipochipua msituni, kituo cha zimamoto cha Birch Run kilifanya karamu yake ya kila mwaka. Mgeni wa heshima alikuwa Mheshimiwa Royce Teter. Walimketisha meza kuu, chini ya bango lenye jina lake, na wanawake wakampelekea sahani mbili. Verna alikuwa jikoni na aproni, anakaanga vitunguu-pori na viazi na nyama ya nguruwe ya moshi, machozi yanamtoka kwa ule ukali. Harlan alikuwa kwenye sinki.

Bibi Opal Loomis aliingia kuchukua mkate wa mahindi. Alikuwa hajamsemesha Verna tangu siku ile. Akasimama na trei yake.

"Teter ametutendea mema," alisema hatimaye.

"Ametutendea sana," Verna alisema. "Chukua na ule mwingine, huo umeungua chini."

"Sikukusudia vile, kuhusu kuku."

"Najua, Opal."

"Ila ilibidi upige kura, Verna. Hata ya pili hukupiga! Watu wanasema ulikuwa na wivu."

Harlan aligeuka kutoka kwenye sinki, povu mpaka viwikoni, na uso ambao Verna aliujua. Verna akamtikisia kichwa. Harlan akarudi kwenye sufuria yake akaisugua kama iliyomtukana.

Nje Teter alikuwa ameanza hotuba. Mimi niliona mateso yenu, alikuwa anasema. Mimi nilijiuliza, Royce, watu hawa watalia mpaka lini? Mimi usiku ule sikulala. Watu walikuwa wanatafuna na kuitikia. Kwenye meza ya karibu na mlango redio ya Tressie ikakoroma: Barabara ya Sawmill, mwanamume, maumivu ya kifua. Tressie akaacha uma, mwenzake akaacha uma, na kabla watu hawajageuza shingo ambulensi ilikuwa imewashwa pale pale nyuma ya ukuta, king'ora juu, ikizimeza zile mimi zote za Teter moja baada ya nyingine. Mheshimiwa alibaki anapanua mdomo na hakuna aliyemsikia. Watu wote walikuwa wamegeukia dirishani.

Verna alikwenda mlango wa jikoni akaliangalia gari likipanda mlima na taa zake, mpaka likapotea nyuma ya misonobari. Alikuwa anacheka na kulia, na safari hii si kwa vitunguu.

"Umeona nini huko?" Harlan aliuliza.

"Gari limetoka kabla sijageuza viazi," Verna alisema, akajifuta uso kwa aproni, akarudi jikoni. "Mfunikie Tressie sahani yake uiweke ovenini. Atarudi na njaa."